Kompyuta ya steshenari imsahau mteja

Mhariri,

Msimu wa maombi ya Bodi ya Mikopo ukifika, steshenari za huku Mbagala Rangi Tatu hufurika vijana na bahasha zao. Wakishaondoka, vyeti vya kuzaliwa na namba za NIDA hubaki kwenye kompyuta. Wengine huacha hata barua pepe ziko wazi, na anayeketi baada yao anasoma tu.

Mimi nina steshenari. Windows ya kukraki nimeitoa, hard disk nimezichomoa, na kompyuta zangu zinawaka kwa flashi yenye Debian, aina ya Linux, yaani mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Mfumo wenyewe hauandikiki. Chochote anachofanya mteja kinakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika kompyuta ikizimwa. Akiinuka nazima, nawasha tena, na vyake vyote vimefutika. Hana nywila ya msimamizi, hivyo hawezi kusakinisha kitu. Firefox, programu ya kufungulia tovuti, nimeiwekea kizuia matangazo, maana zile "bofya hapa upakue" za uongo ndizo zinazowaponza wengi. Na vile virusi vya shortcut vinavyoficha mafolda kwenye flashi za wateja, huku havifurukuti: mafolda yanaonekana yote.

Mgogoro ni printa za zamani (hapo nimetokwa jasho kwelikweli). Halafu umeme ukikatika, CV ambayo haijahifadhiwa kwenye flashi ya mteja imekwenda. Tena Firefox ikitoa toleo jipya la usalama, sina budi kuiandaa flashi upya.

Kijana mmoja aliniuliza kwa nini nisiweke Tails, Linux nyingine ya kwenye flashi, inayopitisha kila kitu kwenye Tor, mtandao unaoficha mtu anatokea wapi. Tails ni nzuri kwa anayeficha alipo. Anayeomba mkopo anajaza jina lake kamili, na tovuti nyingi humsumbua au humkatalia mtu anayetokea Tor. Wala mfumo wowote haumwokoi anayeandika nywila kwenye tovuti feki, au aliyechomekewa kinasa herufi, kidude kinachorekodi kila anachoandika, kwenye waya wa kibodi nyuma ya kompyuta. Hicho nakikagua kwa macho kila asubuhi.

Wenzangu wanasema Linux itafukuza wateja. Wangu huuliza tu "Word iko wapi?", nawaonyesha LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama ya Word, wanaendelea.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tunayo, na Tume yake ipo. Naiomba itupe wenye steshenari ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili, unaosema wazi nini kifutwe mteja anapoinuka, na nani awajibike kisipofutwa.

Mwenye steshenari,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam