Mizani ya kidijitali haiibi, ila programu yake haijapimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyependekeza tuachane na mizani ya kidijitali kwenye ununuzi wa pamba, turudi kwenye mizani ya rula. Hoja yake ni kwamba mashine zinawaibia wakulima. Hasira yake naielewa, maana wanaolalamika huku kwetu wanaanzia kwangu: mimi ni fundi wa mizani hapa Bariadi, na programu za kompyuta nilizisomea chuoni kabla ya kurudi nyumbani. Lakini rula nayo tunaijua. Karani mwenye kidole chepesi alikuwa akiisoma anavyotaka, na mkulima hakuwa na stakabadhi ya kumsuta.

Nieleze nilichokishuhudia kwenye chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja. Mzee mmoja alileta mzigo ambao vijana wawili waliupandisha kwa kuhema. Karani akaandika jina lake, kioo kikasoma kilo 35.06. Wakaushusha, wakaupandisha tena: 35.06. Karani akasema wanachosema makarani wote nchini, kwamba mtandao unasumbua, ilhali kisanduku chenye kompyuta ya mizani hakigusi mtandao kabisa wakati wa kupima. Kelele zilipozidi, mtu akashauri waandike jina la mke wa mzee. Mzigo ule ule, mizani ile ile, kilo 59. Hapo wengine wakaanza kusema mashine imerogwa.

Mizani yenyewe ilikuwa nzima na mhuri wake wa ukaguzi ulikuwepo. Nilipandisha mawe ya kilo 20, ikasoma kilo 20. Tatizo halikuwa kwenye chuma.

Kwa bahati nzuri mkandarasi aliyeleta mizani alikuwa amekiachia chama msimbo chanzo wa programu, yaani maandishi yake kama mwandishi alivyoyaandika, kwenye flashi, jambo ambalo ni nadra. Programu imeandikwa kwa C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. C ina kasi, lakini inamwamini mwandishi wake kupita kiasi: ukitenga nafasi ya herufi 32 kisha ukamimina 34, haikuzuii wala haikuonyi. Zinazozidi zinaingia kwenye nafasi inayofuata katika kumbukumbu, haidhuru ni ya nani. Kwenye kisanduku kile, kilichofuata baada ya jina la mkulima kilikuwa uzito wa gunia tupu kwa gramu, ule unaotolewa kwenye uzito wote. Kawaida ni 1,000.

Majina matatu ya mzee, pamoja na nafasi katikati yake, yana herufi 34 na yanaishia na "la". Ndani ya kompyuta kila herufi ni namba: l ni 108, a ni 97. Zikikalia mahali pa uzito wa gunia, mashine inasoma 97 mara 256 (nafasi ya pili huhesabiwa mara 256 ya ile ya kwanza), jumlisha 108, yaani gramu 24,940. Toa hizo kwenye kilo 60 za mzigo mzima, unabaki na 35.06. Hakuna aliyemroga mtu.

Na kuna la kuchekesha. Mwenye jina la herufi 33 linaloishia na "a" anahesabiwa gunia la gramu 97 badala ya 1,000, kwa hiyo analipwa na gunia lenyewe kana kwamba ni pamba. Hao hawajaja kulalamika.

Sikulipata kosa hili kwa kusoma msimbo mstari kwa mstari, ingawa sasa ukiuangalia unaliona mara moja. Nililipata kwa zana. Kwanza nilijaribu Valgrind, ambayo huendesha programu huku ikichunguza kila inapogusa kumbukumbu. Haikusema kitu, na sababu yake inajulikana: kipimo chake cha kumbukumbu hulinda sehemu zinazoombwa programu ikiwa inaendelea, lakini hakilindi nafasi zilizopangwa tangu mwanzo, kama hii ya jina. Nikahamia AddressSanitizer. Hii imo ndani ya GCC na Clang, kompaila (programu zinazogeuza msimbo kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha) ambazo karibu kila anayeandika C anazo tayari, na haina malipo. Unaongeza agizo moja unapokompaili, basi. Inafanya kama mkulima anayeacha tuta tupu kati ya shamba lake na la jirani: kila nafasi inazungushiwa eneo ambalo hakuna anayeruhusiwa kulikanyaga, na kwa kila baiti 8 za kumbukumbu (baiti moja ni nafasi ya herufi moja) kuna baiti 1 ya daftari inayosema wapi panaruhusiwa na wapi hapana. Programu inakwenda taratibu, karibu mara mbili ya muda wake wa kawaida, jambo ambalo si kitu kwa siku ya majaribio.

Niliiendesha kwenye laptopu yangu nikiwa nimeipa uzito wa kubuni, nikaandika jina la mzee. Programu ilisimama hapo hapo. Ripoti ikataja faili, namba ya mstari, nafasi iliyovukwa kwa jina lake, na ukubwa wake: baiti 32. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeielewa.

Nasisitiza bei kwa sababu mkandarasi aliniambia kwa simu kwamba ukaguzi wa namna hiyo ni wa makampuni makubwa ya Ulaya. Zamani ningemkubalia. Zana iliyovuma kwanza kwa kazi hii, Purify, ilianza mwaka 1991 na ilikuwa ya kununua. Mmoja wa walioitengeneza ni Reed Hastings, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha Netflix, na ambaye kabla ya yote hayo alifundisha hesabu sekondari huko Swaziland, siku hizi Eswatini. Lakini Valgrind ya Julian Seward imetolewa bure tangu 2002, na AddressSanitizer, kazi ya wahandisi wa Google, ilielezwa hadharani mwaka 2012. Mkandarasi anayenyakua zabuni ya mamilioni hana pa kujifichia.

Wala nisieleweke kuwa nawadharau vijana wetu. Makosa ya jinsi hii yamewapata wakubwa. Mwaka 2014 dunia nzima ilihangaika na Heartbleed, kosa la OpenSSL, programu inayolinda siri za tovuti: ukiidanganya kuhusu urefu wa ujumbe wako, inakurudishia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake, chochote kilichokuwamo.

Zana nayo inahitaji mtu mwenye akili pembeni. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta, aliona Valgrind inalalamikia mistari ndani ya OpenSSL hiyo hiyo, kwamba inatumia kumbukumbu ambayo haijajazwa kitu. Akaizima mistari ili malalamiko yaishe. Kumbe humo ndimo zilimopita namba za kubahatisha za kutengenezea funguo za siri. Zikabaki funguo 32,768 tu zinazowezekana kwa kila aina, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaimaliza upesi, na kosa halikutangazwa hadi Mei 2008. Ndiyo maana sitaki mkandarasi atuletee karatasi iliyoandikwa "safi". Nataka kuona alijaribu nini.

Hapo ndipo penye uzito, Mhariri. Zana hizi huona kinachopitiwa tu. Njia ambayo programu haikuipita siku ya majaribio hazina la kusema juu yake. Kwenye ile flashi kulikuwa na orodha ya wakulima wa kujaribia. Juma Ali. Asha Juma. Ali Asha. Kwa majina kama hayo ungeiendesha AddressSanitizer mwaka mzima isikuoneshe kitu. Aliyeiandaa alikuwa mjini na hakuwahi kumuuliza mtu yeyote wa Simiyu jina la babu yake.

Nilipompelekea mkandarasi ripoti alirekebisha haraka, sikatai. Aliongeza nafasi ya jina kutoka 32 hadi 64. Hakuweka mstari wa kuzuia jina linalozidi, kwa hiyo mpaka umesogea tu. Nilimwandikia tena, akanijibu kwamba hakuna Mtanzania mwenye jina la herufi 64. Pengine. Lakini karani anaweza kusahau kidole kwenye kitufe, na kuna makarani wanaoandika jina pamoja na kijiji na namba ya simu kwenye mstari mmoja, nimewaona.

Wapo watakaosema dawa ni kuandika upya kwa lugha mpya kama Rust, ambazo zinakataa makosa mengi ya namna hii tangu mwanzo. Sawa, kwa mizani ya miaka ijayo. Visanduku vilivyomo kwenye maghala yetu vina C ndani, na msimu unakuja navyo.

Basi ninachoomba kwa vyama vya ushirika, na kwa yeyote anayenunua mizani kwa fedha za wakulima, ni kifupi. Hati ya zabuni itake msimbo chanzo ukabidhiwe. Itake programu iendeshwe chini ya AddressSanitizer mbele ya fundi wa upande wa mnunuzi, na ripoti nzima ibaki kwenye faili la chama. Majaribio yafanywe kwa rejesta halisi ya wanachama, majina yote, na baada yake majina ya makusudi marefu kupita kiasi na mistari mitupu. Rejesta zipo, laptopu zipo. Chama chochote cha Bariadi kitakachotaka kufanya majaribio hayo kabla ya msimu kufunguliwa, nitakuja, na nauli nitajilipia.

Fundi mizani,
Bariadi, Simiyu