Kabla hamjamwita mtunza stoo mwizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme na wenye biashara, hasa wale ambao mali ikihesabiwa na kuonekana pungufu, wa kwanza kukodolewa macho ni mtunza stoo.

Nimetunza stoo ya vipuri kwa miaka 19. Katika mwaka wangu wa sita, beringi 48 zilikuwa kwenye leja lakini rafuni hazikuwepo. Niliandikishwa maelezo mara mbili, nikanyang'anywa funguo, na wenzangu wakaanza kunisalimia kwa mbali. Wiki ya tatu, kijana mmoja aliyekuwa akitafuta chujio za oili alisogeza katoni nne mwisho wa chumba cha pili. Nyuma yake zilikuwa zimetulia beringi zote 48, bado kwenye karatasi zake za mafuta. Mwandiko juu ya katoni ulikuwa wangu. Nilizipokea mwenyewe siku ambayo mzigo ulikuwa mwingi, nikaziweka hapo "kwa muda tu". Kwenye leja, mbele ya idadi, nilikuwa nimeandika neno moja: Stoo.

Kosa hilo ni langu, sikatai. Ila leja yenyewe haikuwa na nafasi ya kuandika zaidi ya hapo. Vyumba vitatu, rafu zaidi ya themanini, na vyote vinaitwa Stoo!

Niliporudi kazini nilichukua chaki, baadaye rangi, nikaipa kila sehemu anwani yake. A-03-2-05 maana yake chumba A, safu ya tatu, rafu ya pili, kisanduku cha tano. Rafu nilizihesabu kutoka chini kwenda juu, kwa sababu ukiongeza rafu siku moja utaiongeza juu, na namba za zamani hazitavurugika. Niliandika 03 badala ya 3, maana kompyuta ikipanga maandishi huitanguliza 10 mbele ya 2. Herufi I na O nikaziacha kabisa. Mtu mwenye haraka huzisoma 1 na 0. Na kibandiko kinakaa kwenye rafu, si kwenye katoni, kwani katoni huhama.

Ikaja programu ya kompyuta, na hapo nikajifunza jingine. Mwenzangu wa zamu aliingiza fani belti 30 chini ya "Chumba B". Mimi nikaja kuzipanga, nikaziingiza tena B-04-2-01. Kompyuta ikatuonyesha 60, na ofisi ikafurahi kwa siku mbili. Tangu hapo idadi huingizwa kwenye anwani ya kisanduku chenyewe kitu kilimokaa, si ya chumba. Chumba kinapata jumla yake kutokana na vilivyomo ndani. Kitu kikihama, hakiingizwi upya, kinahamishwa: kinatoka hapa, kinaingia pale, saa ileile, si jioni kwa kukumbuka.

Sehemu nyingine si rafu, na ndizo zinazosahaulika. Sakafu ya mapokezi, ambapo mzigo unasubiri kupangwa, ipewe jina. Kona ya vilivyorudishwa vikiwa vibovu nayo ipewe jina, ili visihesabiwe pamoja na vizima. Hata gari la fundi ni sehemu: sili za oili alizobeba asubuhi hazijauzwa, ziko garini.

Ninawasikia wanaosema watanunua mashine ya kusoma msimbo pau, ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye bidhaa, na mambo yatakwisha. Msimbo ule ulisomwa kwa mara ya kwanza kwenye kaunta ya duka kuu mwaka 1974, jimboni Ohio, Marekani, kwenye pakiti ya chingamu. Ni kitu kizuri mno. Lakini mistari iliyo kwenye bidhaa inakuambia hii ni nini, basi. Ilikokaa utaijua endapo na rafu nayo umeipa msimbo wake.

Wala msizidishe. Nimewahi kuona stoo ya kabati tatu yenye anwani za ngazi sita, na hakuna aliyezifuata baada ya mwezi. Ngazi zitoshe kumfikisha mgeni kwenye kitu bila kuuliza, zikomee hapo. Mimi humjaribu kila mfanyakazi mpya: nampa karatasi yenye anwani moja, nanyamaza, naangalia anakokwenda.

Siku hizi nahesabu safu moja kila asubuhi, sisubiri mwisho wa mwaka. Pungufu likitokea, tunaanza kwa kukagua rafu za jirani na mapokezi, kisha ndipo tunauliza watu. Ombi langu kwa wenye biashara ni huo utaratibu tu: rafu kwanza, mtu baadaye.

Funguo zangu nilirudishiwa siku ileile beringi zilipoonekana. Barua ya onyo bado imo kwenye faili langu.

Wako,
Mtunza stoo wa vipuri