Risala ya Wakulima wa Pamba wa Texas kwa Mheshimiwa Mbunge, Agosti 1890

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu katika Bunge la Marekani; Ndugu Rais wa Muungano wa Wakulima wa kaunti hii; Mchungaji uliyetufungulia kwa sala; wazee wetu, akina mama, na ndugu zetu mafundi wa reli mlioitikia mwaliko;

Kwa niaba ya wanachama wa tawi letu, tunayo heshima kubwa kukukaribisha chini ya mialoni hii kwa mara ya tatu. Tunajua kwamba safari ya kutoka stesheni hadi hapa ni ya nusu siku, na kwamba msimu huu wa uchaguzi unaitwa kila upande. Kuja kwako tunakuhesabu kuwa ni heshima, na tunakushukuru kwa dhati. Ulikuja mwaka 1886, ukaja tena mwaka 1888, na maneno uliyotuachia mara zote mbili tunayo, kwa sababu katibu aliyaandika katika kumbukumbu za kikao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu tutaieleza kwa ufupi. Muungano wa Wakulima ulizaliwa mwaka 1877 katika kaunti ya Lampasas, wakulima wachache walipokutana ili kujilinda na wezi wa mifugo na watu waliokuwa wakinyang'anya ardhi kwa hati za mashaka. Ulikufa, ukafufuka katika kaunti ya Parker mwaka 1879, na baada ya mkutano wa Waco wa Januari 1887 ukavuka mipaka ya Texas na kuenea Kusini yote na hata Kansas. Tawi letu lilianzishwa na familia saba katika chumba cha shule kilicho nyuma yako.

Mafanikio yetu ni mengi na tunayataja kwa fahari. Tumenunua mizani yetu wenyewe, ambayo kila robota la pamba la mwanachama hupimwa juu yake kabla ya kupelekwa mjini, na tangu ifike, marobota yetu yameacha kupungua uzito njiani. Mwaka 1888, wenye viwanda vya juti walipoungana na kupandisha karibu maradufu bei ya kitambaa cha kufungia pamba, tulikataa kukinunua, tukafunga mavuno yetu kwa kitambaa cha pamba, na wakulima wa majimbo mengine ya Kusini wakafanya vivyo hivyo mpaka umoja ule wa matajiri ukalegea. Huenda wengine wakasema ushindi ule ulikuwa wa Kusini nzima. Sisi tunasema tawi letu lilikuwa miongoni mwa yale ya kwanza, na kumbukumbu zipo. Kila Jumamosi ya pili gazeti la Southern Mercury husomwa hapa kwa sauti kwa ajili ya wale wasiojua kusoma, na leo hakuna mtu mzima katika tawi hili asiyeweza kukueleza jinsi sheria ya mwaka 1873 ilivyoiondoa dola ya fedha katika utengenezaji wa sarafu na kuliacha deni la mkulima likidaiwa kwa dhahabu.

Tunataja pia mwaka 1886, kwa sababu ndugu zetu wa reli wapo hapa na wao ni mashahidi. Mwezi Machi mwaka huo, msimamizi mmoja wa karakana ya reli mjini Marshall alifukuzwa kazi kwa kuhudhuria mkutano wa Knights of Labor, chama cha wafanyakazi, na mgomo ukaenea katika reli za Kusini-magharibi. Tawi letu lilipeleka magari mawili ya unga, nyama na viazi kwa familia za waliogoma. Mgomo ulishindwa mwezi Mei, lakini kile chakula hakikupotea bure, kwa kuwa Agosti hiyohiyo, katika mkutano wa Cleburne, Muungano ulipitisha madai 17, na la kwanza kabisa lilihusu kutambuliwa kwa vyama vya wafanyakazi. Desemba iliyopita, huko St. Louis, viongozi wetu na viongozi wa Knights of Labor wametia sahihi madai ya pamoja. Anayedhani kwamba mtu wa jembe na mtu wa nyundo watapiga kura wakivutana, tunamwomba awatazame walivyokaa leo, benchi moja.

Tunaishukuru serikali kwa sheria mbili za mwezi uliopita, ile ya Julai 2 ya kuzuia makampuni kuhodhi biashara, na ile ya Julai 14 ya kununua wakia milioni 4.5 za madini ya fedha kila mwezi. Tunashukuru pia kwa sheria ya mwaka 1887 ya kusimamia reli, ambayo wewe mwenyewe, mwaka 1886, ukiwa umesimama juu ya gari lililo pale, uliahidi kwamba ingelitia reli lijamu. Sheria inasema gharama ya kusafirisha mizigo iwe ya haki. Imekuja, na katika hati za mizigo za stesheni yetu hatujaona senti iliyopungua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunafika kwenye jambo lenyewe, nalo ni moja tu: tunaomba ghala.

Mkulima wa hapa hana benki. Benki za kitaifa zimekatazwa na sheria kukopesha kwa dhamana ya ardhi, na ardhi ndiyo mali tuliyo nayo, kwa wale walio nayo. Kwa hiyo kila Februari mtu huenda kwa mwenye duka, akaweka rehani pamba ambayo mbegu yake haijagusa udongo, akaweka na nyumbu wake, na kuanzia siku hiyo hawezi kununua hata chumvi mahali pengine. Dukani kuna bei mbili kwa kila kitu, ya taslimu na ya mkopo, na juu ya ile ya mkopo kuna riba. Pamba ikishachambuliwa, deni linadaiwa papo hapo, na kwa kuwa wakulima wote wa Kusini wanadaiwa wakati mmoja, mavuno yote yanamwagwa sokoni katika majuma yale yale machache, katika nchi ambayo fedha iliyo mikononi mwa watu haikuongezeka kwa kadiri ya watu na mazao yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 ratili moja ya pamba ilitupatia senti 12 na zaidi. Msimu uliopita, hapa shambani, hatukufikia 9. Deni la mtu aliyenunua shamba lake wakati ule halikushuka hata senti moja.

Kamati inaomba kukueleza jambo iliyoliona kwa macho yake. Novemba iliyopita mwanachama mmoja, ambaye yupo hapa na ameomba asitajwe, alipeleka marobota manne stesheni. Mabehewa hayakuwa yamefika. Marobota yalilala nje siku tisa, mvua ikanyesha siku tatu kati ya hizo, na upande uliogusa ardhi ukanyonya tope mpaka pamba ikageuka rangi ya kahawia kwa kina cha kiganja. Mnunuzi alipofika alikichana kitambaa kwa kisu pande zote mbili za kila robota, akavuta konzi ya sampuli, akaitazama juani, akaitia katika mfuko wake, kwa maana sampuli hazirudishwi, kisha akakata bei kwa sababu ya tope. Mwenye duka alikuwa amesimama kando na kitabu chake. Fedha zilitoka katika mkono wa mnunuzi zikaingia katika mkono wa mwenye duka, na aliyelima hakuzigusa. Alirudi nyumbani akiwa bado anadaiwa dola 11. Bei ilipopanda majira ya kuchipua, pamba ile ilikuwa mali ya mtu mwingine.

Mheshimiwa, hatukukaa tukisubiri kusaidiwa. Muungano ulifungua soko lake mjini Dallas mwaka 1887, likauza pamba yetu moja kwa moja kwa viwanda na kutununulia vifaa kwa bei ya jumla, na mwaka uliofuata wanachama waliweka sahihi zao pamoja, mwenye shamba na asiye nalo, kila mmoja akimdhamini mwenzake, ili soko likope fedha za msimu kwa hati hizo. Benki zilizikataa. Tarehe 9 Juni 1888 tulikusanyika mbele ya mahakama za kaunti, Texas nzima, tukachanga tulichokuwa nacho ili kuliokoa, na wapo akina mama hapa waliotoa fedha za mayai ya mwaka mzima. Soko halikufika mwisho wa 1889. Tulijifunza hapo kwamba wakulima wanaweza kuwa na umoja, bidii na uaminifu, na bado wakashindwa na mtu mmoja aliye nyuma ya dirisha la benki.

Ndiyo maana tunauunga mkono mpango aliouwasilisha Bwana Charles Macune, kiongozi wa Muungano wetu, huko St. Louis Desemba iliyopita, na ambao muswada wake ulifikishwa Bungeni mwezi Februari. Serikali ijenge ghala katika kila kaunti inayouza mazao ya zaidi ya dola 500,000 kwa mwaka. Mkulima alete pamba, ngano, mahindi au tumbaku yake, ipimwe na kupangwa daraja, apewe stakabadhi, na akopeshwe noti halali za serikali zenye thamani ya 80 kwa 100 ya bei ya siku hiyo, kwa riba ya 1 kwa 100 kwa mwaka, pamoja na gharama ya kutunza na bima. Ana miezi kumi na miwili ya kuuza anapoona bei inafaa; asipofanya hivyo, ghala litauza kwa mnada. Kamati imepiga hesabu. Robota la ratili 500 kwa senti 8 ni dola 40. Mkopo wake ni dola 32. Riba ya miezi sita ni senti 16. Bei ikipanda kwa senti moja tu kabla ya Mei, mkulima amepata dola 5 ambazo leo anazipata mwingine. Robota liko chini ya paa, halina tope. Kaunti yenye marobota 12,500 kwa bei hiyo imefikia kiwango cha sheria, na kaunti yetu imekivuka.

Tumesikia pingamizi, Mheshimiwa, na baadhi yake tumezisoma katika barua yako ya mwezi Aprili. Uliandika kwamba Katiba hairuhusu serikali kuitumikia kazi ya kundi moja la raia. Tunaomba kwa unyenyekevu mkubwa utueleze kuhusu pombe kali: mwenye kiwanda chake huiweka katika ghala la dhamana lililo chini ya afisa wa serikali, na ushuru wake husubiri mpaka atakapoitoa. Tunaomba utueleze pia kuhusu benki za kitaifa, ambazo huweka hati za deni la serikali huko Washington na kupewa noti kufikia 90 kwa 100 ya thamani yake. Sisi tunaomba 80, kwa kitu kinachovaliwa na kuliwa. Na jimbo letu la Texas limezipa reli zaidi ya ekari milioni 30, kisha likatoa ekari milioni 3 ili kujengewa jengo la serikali pale Austin, jengo zuri tunalolionea fahari. Katika nchi yenye mkono mpana kiasi hicho, kuambiwa kwamba banda la pamba limeizidi nguvu Katiba kumetuumiza kuliko kunyimwa.

Tunaongeza neno moja ambalo halikupita bila ubishi katika kamati. Wakulima weusi wa Texas wana Muungano wao, ulioanzishwa katika kaunti ya Houston mwaka 1886, kwa sababu wetu haukuwafungulia mlango, na baadhi yetu tunaona tulikosea. Kitabu cha mwenye duka kinawaandika kwa wino uleule. Ghala likijengwa, lipokee robota kwa uzito wake, bila kuuliza rangi ya aliyelileta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka 1888 ulisema hapa, na katibu ameusoma tena ukurasa huo jana usiku mbele ya kamati: "Leteni mpango unaotekelezeka, nami nitausemea." Mpango umeletwa. Muswada umelala katika kamati ya Bunge tangu Februari na sauti yako haijasikika. Hatusemi umetusahau. Tunasema kuwa pamba itaanza kufunguka katika majuma matatu, na mwenye duka hajawahi kusahau tarehe.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili, yote ya ghala hili: utamke leo, mbele ya wanachama, kama utaupigia kura muswada huo au hutaupigia, na utakaporudi Washington uiombe kamati iufikishe mbele ya Bunge zima. Kila mgombea anayefika hapa mwaka huu anaulizwa swali hilohilo, wa chama chochote, na jibu lake linaandikwa. Kitabu cha kumbukumbu kiko juu ya meza, kimefunguliwa katika ukurasa mpya, na Dada Katibu ameshika kalamu. Nyama iko tayari, lakini wanachama wameomba isigawiwe kabla hujajibu.

Tunaomba kuwasilisha.