Barua kwa vijana wa kikundi cha kusoma: msiuone haya mkoba wenu

Vijana wangu,

Salaam nyingi. Mimi mzima, ila macho ndiyo hayo tena. Mliniomba niwe mlezi wenu, nikakubali bila kuuliza mlezi wa kikundi cha vitabu anafanya kazi gani. Sasa nimejipangia kazi mwenyewe: kuwaambia ninayoyaona.

Orodha yenu ya mwaka huu nimeipitia. Mwanzo hadi mwisho ni vitabu vya mafanikio: jinsi ya kuwekeza, jinsi ya kuamka alfajiri, jinsi ya kushawishi watu. Sina ugomvi navyo. Ila Jumamosi iliyopita mwenzenu alipotaja riwaya ya upelelezi anayoisoma, mlimcheka, naye akairudisha mkobani kama mtu aliyekamatwa na magendo. Hilo ndilo lililonikalisha mezani.

Mimi si mtaalamu wa fasihi. Nilikuwa karani wa reli, nikisoma kati ya treni moja na nyingine, chochote kilichopita mbele yangu. Kwa hiyo haya ni maoni ya msomaji wa kawaida, na mna ruhusa ya kuyakataa, mradi muwe mmesoma kwanza.

Tuanze na huo upelelezi mlioucheka. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya uandishi kwa Mzimu wa Watu wa Kale kabla hata hakijachapishwa mwaka 1960. Humo mna mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Mtu ameuawa, wenyeji wananong'ona kuhusu mzimu, na Msa yeye anataka kujua nani alikuwa wapi, na nani anafaidika. Niambieni ni kitabu gani katika orodha yenu kinachomfundisha mtu kudai ushahidi kwa raha namna ile. Na Kiswahili chake! Watu wanapozungumza unawasikia, hata wanaponyamaza unajua wananyamazia nini.

Elvis Musiba ni habari nyingine. Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya zake, tangu Kufa na Kupona ya 1974, hachoki, hakosi shabaha, na kila mrembo anamwelewa haraka mno. Ukisoma vitatu mfululizo, cha nne unakijua kabla hujakifungua. Hayo ni maoni yangu na siyaondoi. Lakini niliona kwa macho yangu nakala moja ikipita behewa hadi behewa mpaka jalada likatoka. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umeng'oka zamani, na gadi mmoja wa treni ya Kigoma akawa ndiye ukurasa wa mwisho: kila aliyefika pale kitabu kinapokatika alimwendea, naye anamsimulia kwa mdomo, akiongeza risasi kila siku. Wengi wa wasomaji wale hawakuwa na mazoea ya kushika kitabu kingine chochote. Mwandishi aliyewafanya watu hao wamtafute gadi usiku, mimi simcheki.

Sasa tamthilia. Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba mnaijua, maana mliisomea mtihani. Nilipowauliza inahusu nini mlinijibu kwa pamoja: umuhimu wa sensa, athari za ulevi, nafasi ya mwanamke. Hakuna hata mmoja aliyesema inachekesha. Karani anatumwa kijijini kuhesabu watu. Anamkuta Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na kazi inamtoka mikononi. Anapanga kutoroka na binti, na mzee kwa hasira anazitia moto karatasi za sensa. Mimi niliyeishi kwa makaratasi, nilipofika pale yanapoungua nilishika kichwa. Kaya kwa kaya, majina, umri, yote majivu, na serikali huko mjini inasubiri hesabu! Jambo hilo linauma na kuchekesha papo hapo, na kitabu cha uchambuzi mlichokariri hakiwezi kuwapa. Siwalaumu ninyi. Nawalaumu waliowafundisha kwamba kitabu ni ghala la dhamira, unaingia, unazibeba, unatoka. Gaweni sehemu, mmoja awe Mitomingi mwenye sauti nzito, muisome upya kwa kelele.

Ushairi nao msiusome kwa macho peke yake. Najua mnauruka. Chukueni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyefungwa na serikali ya Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya andiko lake, Kenya: Twendapi? Gerezani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule aliyekuwa madarakani mwandishi alipofungwa. Lahaja yake ya Kimvita itawasumbua kidogo, hasa ninyi wa bara. Isomeni kwa sauti, polepole, na mkikwama ombeni mtu wa pwani awasomee. Mizani ikishakaa sikioni, maneno mengine yanajieleza.

Kuna pia vitabu vinavyomtesa msomaji, nami sitawadanganya kwamba kila mateso yana faida. Euphrase Kezilahabi alituandikia Rosa Mistika mwaka 1971, na hicho mtakimaliza mkiwa na hasira: baba mlevi anayembana binti yake mpaka kumpiga kwa ajili ya barua ya mvulana, kisha binti anafika chuoni akiwa hajui kabisa kuishi na uhuru. Wazazi wengi waliogopa kitabu kile, wakati ni wao hasa waliopaswa kukisoma. Lakini mwandishi huyo huyo mwaka 1990 akatoa Nagona, kitabu chembamba cha kutia mfukoni, na humo hakuna kamba ya kushika. Unatembea ndani ya ndoto ya mtu mwenye falsafa. Nimekianza, nimekiacha, nimekirudia. Kuna kurasa zilizonishangaza na kuna kurasa ambazo mpaka leo tunatazamana tu. Kikiwashinda kiwekeni rafuni. Kitabu hakina mguu, mtakikuta hapo hapo.

Hata wakubwa wana pa kuchosha. Shaaban Robert ni baba yetu sote, lakini katika Kusadikika mtu akishaitwa Majivuno huna haja ya kusubiri uone tabia yake. Kinachonishika mle ni baraza la mashtaka, Karama amesimama anajitetea kwa habari za wajumbe waliotumwa huku na huku, na kila aliyerudi na jambo jema akaadhibiwa. Mwaka 1951, chini ya mkoloni, kuandika hivyo!

Ninyi mnaopenda habari za mafanikio, someni Wasifu wa Siti binti Saad, pia wa Shaaban Robert. Msichana wa Fumba, kijijini Unguja, anauza vyungu, anaingia mjini, anajifunza kuimba na watu wanaompa nafasi, watu wengine wanamsimanga kwa sura na asili yake, naye mwaka 1928 anasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Humo mafanikio yana jina la kijiji, yana matusi, yana nauli. Vitabu vyenu vingi vya mafanikio havina hata kimoja kati ya hivyo, vina hatua za kufuata tu, na mara nyingine naona aliyefanikiwa kwa hakika ni yule aliyeviuza. Lakini kama kimoja kimekusaidia kuweka akiba, basi kimefanya kazi yake, na mimi ninyamaze.

Kuhusu riwaya za mapenzi nitasema kwa ufupi. Anayedai mapenzi ni mada nyepesi asome Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999. Yasmin anaozwa akiwa mdogo kwa Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa kumzaa, na alipoondoka pale mlango wa kwao ukafungwa. Mapenzi yake na Denge yanapita katikati ya siasa za Zanzibar kabla ya uhuru, na huwezi kuvitenganisha. Tafsiri nazo msizidharau: Mwalimu Nyerere alipata nafasi ya kumtafsiri Shakespeare akiwa na nchi nzima mabegani, tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963. Na sasa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, tunaye kwa Kiswahili, Peponi ya 2022, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Hiyo ninyi mna macho mazuri zaidi yangu, someni mniambie.

Ninachowaomba ni hiki. Kikaoni mtu akisema kitabu ni kizuri au kibaya, mwambieni akifungue. Atuoneshe ukurasa. Aseme hapa nilicheka, hapa nilisinzia, hapa mwandishi alinidanganya. Asiye na ukurasa wa kuonesha aachwe anywe chai yake kwa amani, asiwahukumie wenzake. Na ile sheria yenu ya kitabu kimoja kila wiki ifuteni, inawafanya mkimbie kurasa mkidhani mnasoma.

Jumamosi ijayo kila mmoja alete kitabu ambacho angeona haya kukitaja mbele yetu. Mwenzenu mliyemcheka ndiye atakayeanza, nami nitaleta changu, chenye picha ya bastola kwenye jalada. Mama Asha amekubali kupika mihogo, mchango ni ule ule.

Tena, nakala yangu ya Kuli, riwaya ya huyo huyo Adam Shafi, yenye mhuri wa bluu ndani, haijarudi tangu mwezi wa Ramadhani. Aliyenayo anajijua. Kama bado hajafika kwenye mgomo wa makuli wa 1948, nimempa wiki mbili.

Mzee wenu,
karani mstaafu, Tabora