Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mipango Miji: Jalada la kila mradi liwe wazi hadi wakazi waingie

Kwa Mkuu wa Idara ya Mipango Miji,

YAH: KUFUATILIWA KWA MIRADI YA UJENZI KATIKA MJI WA CHUO

Mheshimiwa,

Salamu, na pole na kazi. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachokiomba hakiwezi kumalizwa kwa kuniita ofisini na kunifunulia jalada moja. Kinawagusa wote wanaoishi katika mji wenye chuo kikuu: wanafunzi, wahadhiri, wafanya usafi wa mabweni, wenye maduka, na wazee waliokuwepo kabla chuo hakijapanuka.

Mimi ni mmoja wa wale wanaofuatilia maombi ya ujenzi. Nasoma matangazo ya kubadilisha matumizi ya ardhi, nakaa kwenye vikao vya kamati vinavyoruhusu wananchi, natazama michoro, na jengo likiisha narudi kulilinganisha na michoro ile. Sina uadui na ujenzi. Wanafunzi wanaoongezeka lazima walale mahali, na mji usiojenga huwaachia wenye nyumba wachache uwezo wa kupandisha kodi wapendavyo. Nataka tujenge, tena tujenge vya kutosha. Ombi langu ni moja: kila mradi uweze kufuatiliwa na mtu wa kawaida, tangu ombi linapopokelewa hadi wakazi wanapokabidhiwa funguo.

Naanza na jambo linaloutofautisha mji wa chuo na miji mingine. Wakazi wetu hubadilika haraka kuliko majengo yetu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hukaa miaka mitatu au minne, halafu huondoka. Mradi mkubwa wa hosteli, ukihesabu mazungumzo ya awali, kubadilisha matumizi ya kiwanja, tathmini ya mazingira, vibali, kutafuta fedha na ujenzi wenyewe, huweza kula muda huohuo au zaidi. Kwa hiyo aliyehudhuria kikao na kusikia ahadi ya vyumba vya bei nafuu hayupo tena siku vyumba vinapopangishwa. Anayepangishwa hajui kama kuliwahi kuwa na ahadi. Wanaobaki mwanzo hadi mwisho ni mwendelezaji, yaani mwenye mradi, mkandarasi na ofisi yako. Hao ndio wenye kumbukumbu, na ofisi yako ndiyo pekee kati yao yenye wajibu wa kuitunza kwa niaba yetu.

Nieleze namna ahadi zinavyopungua, maana wengi hudhani kuna siku moja mtu anakaa mezani na kuamua kudanganya. Mara nyingi haiwi hivyo. Michoro ya kwanza, ile inayoletwa kwa wananchi, ina miti, njia pana ya waenda kwa miguu, maduka chini, na eneo la baiskeli. Kibali kinatolewa. Kisha bei za vifaa zinapanda, au benki inataka vyumba zaidi ili mkopo ulipike, na mwendelezaji anaomba marekebisho. Njia inapungua kidogo. Baadaye maduka ya chini yanageuzwa vyumba. Baadaye tena miti inahamishiwa upande wa nyuma, mahali pasipo na udongo wa kutosha kuikuza. Kila badiliko linaandikwa kuwa dogo, na dogo halirudishwi kwa wananchi. Ukiyajumlisha, jengo lililosimama si lile lililozungumzwa kikaoni, na hakuna mahali pamoja ambapo mtu anaweza kuiona safari hiyo yote. Michoro mipya inapowekwa, ya zamani huondolewa. Naomba michoro ya zamani ibaki palepale kando ya mipya, na kila badiliko liwe na tarehe, sababu, na cheo cha afisa aliyeliidhinisha.

Nimetazama pia yaliyotokea katika miji mingine ya vyuo, na mawili nimeyashika sana.

La kwanza ni la Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Tajiri Charles Munger aliahidi dola milioni 200 kuchangia bweni kubwa, kwa sharti kwamba mchoro wake ufuatwe. Jengo moja la ghorofa 11 lingelaza wanafunzi wapatao 4,500, na karibu vyumba vyote vya kulala visingekuwa na dirisha. Oktoba 2021 msanifu majengo Dennis McFadden, aliyekuwa mshauri wa kamati ya chuo ya kupitia michoro kwa takriban miaka 15, alijiuzulu. Katika barua yake alieleza kwamba mradi uliletwa mbele ya kamati ukiwa umeshachorwa wote, kamati haikuombwa idhini, wala kura haikupigwa. Barua ile ilipofika kwenye magazeti ndipo watu walipoanza kuuliza kuhusu hewa, mwanga na njia za kutokea moto ukizuka. Mwaka 2023 chuo kiliachana na mchoro huo. Kinachonisumbua ni kwamba maswali yaliyostahili kuulizwa mwanzoni yalisubiri mtu mmoja aitoe sadaka nafasi yake. Wanafunzi ambao wangelala humo hawakupaswa kutegemea ujasiri wa mtu mmoja.

La pili ni la mji wa Berkeley, hukohuko jimbo la California nchini Marekani. Mwaka 2005 chuo kikuu cha huko kilitoa mpango wa muda mrefu uliokadiria kwamba kufikia 2020 kingekuwa na wanafunzi wapatao 33,450. Mwaka wenyewe ulipofika walikuwa wamepita 42,000. Chuo kukua ni jambo jema, lakini ile tofauti ya maelfu ya watu, kila mmoja akihitaji chumba, maji na njia ya kupita, haikupimwa hadharani kadiri ilivyokuwa ikitokea. Majirani wakaenda mahakamani. Agosti 2021 jaji aliamuru idadi ya wanafunzi isizidi ile ya mwaka wa masomo wa 2020/21. Machi 2022 Mahakama ya Juu ya jimbo ilikataa kuisimamisha amri hiyo, na chuo kikajikuta kinajiandaa kupunguza takriban nafasi 3,000. Bunge la jimbo lililazimika kupitisha sheria ya dharura, iliyotiwa saini tarehe 14 mwezi huohuo. Fikiria vijana waliokuwa wakisubiri barua za kukubaliwa wiki zile, hatima yao ikining'inia kwa sababu makadirio ya miaka 17 nyuma yaliachwa yatofautiane na hali halisi bila mtu kulazimika kuyafungua tena mbele ya umma.

Najua wapo watakaokuambia kwamba Berkeley inafundisha kinyume, kwamba ukiwapa wananchi taarifa nyingi unawapa pia silaha ya kuzuia nyumba. Hoja hiyo naiheshimu, kwani kweli wapo watu wanaotumia kila tangazo kupinga kila jengo, na wanaoumia ni wapangaji. Lakini kesi huja pale watu wanapogundua jambo wakiwa wamechelewa, wakati fedha zimeshatumika na hakuna tena cha kujadili isipokuwa kubomoa au kuacha. Mkataba wa Aarhus wa 1998 kuhusu haki za umma katika mambo ya mazingira, ambao nchi nyingi za Ulaya zimeuridhia, unataka umma ushirikishwe mapema, wakati njia zote bado ziko wazi. Hilo linamlinda mwananchi, na linamlinda mwendelezaji vilevile.

Tena, wanaofika vikaoni hawafanani na mji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipitia mihtasari ya vikao vya mipango na ujenzi katika miji 97 ya jimbo la Massachusetts. Waliona kwamba wanaosimama kuzungumza huwa zaidi ni wanaume, wenye umri mkubwa, wenye kumiliki nyumba, na kwa wingi hupinga ujenzi mpya. Vikao vilipohamia mtandaoni wakati wa janga la korona, watafiti haohao walikuta sura ni ileile. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kuweka kiungo cha kikao kwenye tovuti hakutoshi. Mpangaji anayefanya kazi jioni na mwanafunzi mwenye mitihani hawatafika, hata kikao kikiwa ndani ya simu zao. Wanachoweza kufanya ni kusoma jalada usiku wa manane wakipata nafasi, na kuandika maoni yanayohesabiwa sawa na ya aliyesimama ukumbini. Jalada lililo wazi ndilo kikao chao.

Hapa naomba uvumilie niseme kuhusu matangazo, kwa sababu ndipo tunapoumizwa zaidi. Barua za taarifa hutumwa kwa wamiliki wa viwanja vinavyopakana na mradi. Katika mji wa chuo mmiliki mara nyingi anaishi mji mwingine kabisa, na wanaoishi katika nyumba hiyo ni wapangaji ambao hawatumiwi chochote. Wao ndio watakaosikia mashine alfajiri, watakaopitia njia iliyofungwa, na pengine watakaoambiwa wahame. Barua iandikwe kwa mkazi pia, ikabandikwe mlangoni.

Na muda. Uingereza, kwa mfano, sheria inatoa siku 21 za kupokea maoni kuhusu ombi la kawaida. Siku 21 katikati ya muhula zinatosha kiasi. Siku 21 wakati chuo kimefungwa, mabweni matupu na wahadhiri wamesafiri, ni sawa na kutotangaza. Sisemi kwamba maombi huletwa likizo kwa makusudi, ila matokeo yake ni yaleyale hata kama nia ni safi. Kalenda ya chuo inajulikana mwaka mzima kabla. Muda wa maoni kwa miradi inayohusu makazi ya wanafunzi usimame chuo kinapofungwa na uendelee kinapofunguliwa. Mwendelezaji anayejua hilo mapema atajipanga nalo.

Kuna miradi ambayo ofisi yako haina kura juu yake. Katika majimbo mengi ya Marekani chuo cha umma hakifungwi na kanuni za mji za matumizi ya ardhi, na kwingineko pia vyuo hupewa nafasi ya kujiamulia mengi ndani ya eneo lao. Lakini bomba la maji taka halijui mpaka wa chuo unaishia wapi, na magari hayajui. Miradi ya chuo iingie kwenye orodha yako hata kama imeandikwa tu kuwa "kwa taarifa". Chuo Kikuu cha Cambridge kilipopata idhini ya kujenga mtaa mpya upande wa kaskazini-magharibi mwa mji, mpango ulikuwa nyumba 3,000, nusu yake zikiwa za wafanyakazi wa chuo, pamoja na nafasi za makazi 2,000 za wanafunzi wa shahada za juu. Wakazi wa kwanza waliingia mwaka 2017, na ujenzi unakwenda kwa awamu. Mradi wa namna hiyo hupita mikononi mwa madiwani wa vipindi tofauti na maafisa wanaostaafu. Bila orodha moja, kila awamu huanza kama vile haijawahi kuwa na iliyotangulia.

Yasisahauliwe madogo. Majengo marefu ndiyo yanayopigiwa kelele, lakini mtaa wa chuo hubadilika zaidi kwa nyumba za kawaida kugawanywa vyumba na kupangishwa watu wengi. Oxford iliona hivyo, na tangu 2012 nyumba ya familia ikigeuzwa kuwa ya wapangaji wachache wanaoishi pamoja bila undugu, inahitaji idhini ya mipango. Unaweza kukubali au kukataa uamuzi wao, lakini angalau mji unajua nini kinatokea mtaa kwa mtaa.

Sehemu inayoachwa kabisa ni masharti baada ya kibali. Kibali hutolewa kikiwa na masharti: mtaro ujengwe kabla ya ghorofa ya kwanza, taa za barabarani ziwekwe, idadi fulani ya vyumba ipangishwe kwa bei iliyokubaliwa. Baada ya hapo ukimya. Nani alikwenda kukagua? Lini? Alikuta nini? Taarifa hizo zipo, kwa maana mkaguzi huandika. Ziwekwe chini ya namba ileile ya mradi, ili mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza katika hosteli mpya aweze kusoma alichoahidiwa yule aliyemaliza masomo kabla yake, na aweze kudai.

Najua watu wako ni wachache na mafaili ni mengi. Siombi mfumo wa gharama. Namba moja kwa kila kiwanja, ukurasa mmoja, kila karatasi isiyo na siri ya kibiashara iwekwe humo siku inapopokelewa, na kilichofichwa kiandikwe kwamba kimefichwa na kwa nini. Mkianza na miradi ya makazi ya wanafunzi pekee, itatosha kwa sasa.

Naomba ombi hili liingizwe kwenye ajenda ya kikao cha wazi cha kamati kabla chuo hakijafungwa, na jibu lako, liwe ndiyo au hapana, liandikwe na kubandikwa pale pale yanapobandikwa matangazo ya ujenzi.

Wako,

Mkazi na mpangaji katika mji wa chuo