Kabla hujanunua begi, ligeuze ndani nje

Mabegi mengi yanayoletwa kwetu mafundi kutengenezwa hayajachanika kitambaa. Kitambaa huwa kizima na rangi bado inang'aa, ila mkanda umeng'oka mzizini, zipu inaachia nyuma ya kichwa chake, au gurudumu limekwama. Sehemu hizo tatu ndizo zinazoua begi, na zote unaweza kuzikagua dukani kwa dakika tano kabla hujatoa pesa. Wateja wengi hutazama rangi, idadi ya mifuko na jina lililoandikwa mbele. Tunakuomba uanze upande wa pili: fungua zipu yote, ingiza mkono, ligeuze.

Likishageuka, tafuta mahali vipande viwili vya kitambaa vinapokutana. Kwenye begi lililoshonwa vizuri, ukingo umefunikwa kwa utepe uliokunjwa pande zote mbili, na kati ya mshono na ukingo pamebaki kama sentimita 1 ya kitambaa. Kwenye begi la harakaharaka utaona nyuzi zinachomoza wazi, na mshono umepita milimita 3 au 4 tu kutoka ukingoni. Kitambaa cha namna hiyo hakikatiki, kinafumuka uzi baada ya uzi mpaka mshono unakuwa haushiki kitu. Kukitengeneza pia ni shida, kwa sababu fundi hana pa kushonea. Inabidi aingie ndani zaidi na begi linapungua.

Weka rula juu ya mshono uhesabu. Ndani ya sentimita 5, mishono 12 hadi 18 (kila hatua ya sindano ni mmoja) inafaa kwa begi. Chini ya 10, mshono umelegea na utaachia uzito ukizidi. Iliyosongamana kupita kiasi nayo ni hatari, maana sindano imetoboa kitambaa mashimo ya karibu karibu na kitachanika kwenye mstari huo kama karatasi ya stempu. Uzi uwe wa poliesta au nailoni. Uzi wa pamba hunywa jasho na kuoza. Ukiona kipande cha uzi kilichoning'inia, kikate ukiunguze ukiwa nje: wa poliesta au nailoni huyeyuka na kufanya tone gumu, wa pamba huungua ukawa majivu.

Sasa mzizi wa mkanda, na hapa usiwe na haraka. Mkanda wa begi la mgongoni umeshikwa sehemu mbili, juu karibu na shingo na chini karibu na kiuno. Uzito wote hupita hapo, na si uzito wa kutulia. Unaponyanyua begi kwa mkanda mmoja na kulirusha begani, au bodaboda inaporuka tuta begi likiwa mgongoni, mvuto unaongezeka ghafla kupita kilo zilizomo. Mkanda uliochomekwa tu kwenye mshono wa pembeni na kupitiwa mstari mmoja wa cherehani hautahimili. Mkanda mzuri unaingia ndani ya mshono sentimita kadhaa, kisha umeshonwa mraba wenye alama ya X katikati, au umefungwa kwa mshono mnene wa zigzaga unaopita mahali pamoja mara nyingi. Ukiligeuza begi, uone pia kipande cha kitambaa cha ziada nyuma ya mshono huo, ili mvuto ugawanyike sehemu pana. Kama unaona kitambaa kimoja chembamba pekee, hata uzi uwe imara namna gani, kitambaa ndicho kitakachochanika.

Jaribio lake ni rahisi. Kanyaga sehemu ya chini ya mkanda taratibu, vuta begi juu kwa mikono miwili, ukitazama mshono. Matundu ya sindano yakipanuka ukaona mwanga, liache. Muuzaji anayejua bidhaa yake hatakukataza.

Mabizimu ya plastiki yanayofungwa kwa kubofya yabonyeze mara kadhaa. Yale mazuri yanatoa mlio mkavu na meno yake yanarudi yenyewe. Plastiki rahisi ukiikunja inabaki na mstari mweupe, na ikianikwa juani muda mrefu inakauka na kukatika. Bahati nzuri bizimu hubadilishwa, mradi ujue upana wa mkanda: milimita 20, 25 na 38 ndivyo vipimo vinavyopatikana kwa urahisi.

Zipu ina lugha yake. Namba iliyo nyuma ya kichwa, 3, 5, 8 au 10, inaeleza kwa kukadiria upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Namba 3 ni ya pochi na mfuko mdogo wa ndani. Mfuko wa mbele wa begi unataka 5. Mdomo mkuu wa begi la safari unataka 8 au 10, na begi kubwa lenye zipu namba 5 mdomoni ni kasoro ya kutosha kukufanya uondoke. Herufi YKK, za kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1934, ni dalili nzuri, lakini zinaigwa sana, kwa hiyo usizitegemee peke yake. Sukuma kichwa taratibu mpaka kwenye kona ya begi, kisha urudi, kwa mkono mmoja. Kikisita konani begi likiwa tupu, likijaa hakitapita.

Kwa watu wa Pwani, wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, tunashauri zipu ya msokoto wa nailoni, ambayo meno yake ni uzi wa nailoni uliosokotwa, au ya meno ya plastiki. Zipu ya alumini ikipata chumvi ya bahari hutoa unga mweupe na kuganda. Ya shaba huota kutu ya kijani. Ukishuka kwenye boti umerowa maji ya chumvi, suuza zipu kwa maji baridi, iache ikauke, halafu pitisha mshumaa juu ya meno. Usipake mafuta ya kula wala grisi. Vinanasa vumbi, na vumbi ndilo linalokula kichwa cha zipu kwa ndani.

Zipu ikianza kufunguka nyuma ya kichwa, mara nyingi meno hayana kosa. Kichwa kimepanuka na hakibani tena. Shika koleo ndogo, bana pande mbili za kichwa upande wa nyuma, kidogo kidogo, kushoto kisha kulia, ujaribu kila baada ya kubana. Ukibana kwa nguvu mara moja kinapasuka, kwa kuwa vichwa vingi ni vya aloi ya zinki. Hiyo inakusogeza siku chache tu. Dawa ni kubadilisha kichwa kwa kingine cha namba ileile na aina ileile. Kichwa cha msokoto hakikai sawa kwenye meno ya chuma hata namba zikilingana. Kubadilisha kichwa ni kazi fupi na ya bei nafuu kuliko kung'oa zipu nzima, kwa hiyo kabla hujakubali zipu mpya, mwombe fundi akague kichwa kwanza.

Kuhusu kitambaa, utaona 600D, 1000D au 1680D kwenye lebo. D ni denia, uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba kubwa ni uzi mnene, basi. Haisemi kama ni nailoni au poliesta, na nailoni ya 420D iliyofumwa vizuri inaweza kuishi kuliko poliesta ya 600D iliyofumwa kwa kuachia. Kwa begi la kila siku, poliesta ya 600D iliyobana inatosha kabisa. Linalosumbua zaidi huku kwetu ni utando wa kuzuia maji uliopakwa upande wa ndani. Ule wa poliuretani huvunjwa na joto na unyevu: unaanza kunata, unatoa harufu kali, kisha unabanduka vipande vyeupe juu ya nguo. Ndiyo maana begi lililokaa kabatini bila kutumika linaweza kutoka limeharibika. Lihifadhi likiwa kavu na wazi kidogo, mahali penye hewa. Usilifungie kwenye mfuko wa plastiki, usilioshe kwa maji ya moto, na lianike kivulini. Ukinunua la mtumba, kwaruza utando wa ndani kwa kucha. Ukinata au kumenyeka, hakuna fundi atakayeurudisha.

Begi la magurudumu lichaguliwe kwa njia utakayopita. Magurudumu manne madogo yanayozunguka pande zote yanafaa uwanja wa ndege na sakafu ya hoteli. Kwenye kokoto, mchanga na barabara ya vumbi kutoka stendi, chukua magurudumu mawili makubwa, ya sentimita 7 au 8, yaliyozama nusu ndani ya begi. Tazama yamefungwa kwa nini: skrubu zinafunguka na gurudumu linabadilishwa, riveti lazima itobolewe. Vuta mpini hadi mwisho, utikise. Kucheza kidogo ni kawaida, ila ukigonga na kujipinda, bomba ni jembamba.

Vipimo vya ndege hupimwa pamoja na magurudumu na mpini. Kwa mzigo wa chini, mashirika mengi hutumia jumla ya sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kina, na kilo 23. Kilo 7 ni kawaida kwa begi la mkononi, lakini soma tiketi yako. Ndege ndogo ziendazo Serengeti na Maasai Mara kwa kawaida hutaka kilo 15 na begi laini, kwa sababu sehemu ya mizigo ni finyu na begi gumu haliingii. Pawabenki ibaki mkononi, kamwe isiingie mzigo wa chini. Zidisha mAh, namba ya ujazo iliyoandikwa juu yake, kwa 3.7, gawanya kwa 1,000 upate Wh, kipimo cha nishati ambacho kikomo chake bila kibali ni 100: ya 20,000 ni Wh 74 na inaruhusiwa, ya 30,000 ni Wh 111 na imevuka 100, kwa hiyo inahitaji kibali cha shirika. Na nguo chafu zitie kwenye mfuko wa kitambaa wenye kamba. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu 1 Juni 2019, hata kwa wageni wanaoingia.

Ukileta begi kwetu, lilete tupu, limefutwa vumbi, pamoja na vipande vilivyong'oka, hata kichwa cha zipu kilichopasuka, maana namba yake tunaisoma hapo. Mkanda uliong'oka tunaufungua mshono, tunaweka kitambaa cha ziada kwa ndani, kisha tunashona mraba na X. Magurudumu tunahitaji yote mawili, hata kama limekufa moja, kwa sababu jipya na lililolika hulifanya begi liende upande. Begi ambalo utando wake umeanza kubanduka tutakuambia hapo hapo usilipie kulitengeneza.