Mama, si pumu

Shikamoo Mama.

Kwenye simu sauti inakatika na maneno yanapotea, na haya nataka uyapate yote, ndiyo maana nakuandikia.

Daktari wa mapafu amesema mjukuu wako hana pumu. Njia zake ndogo kabisa za hewa, zile za ndani mwisho, zimepata makovu na nyingine zimeziba. Ndiyo maana dawa ya kuvuta haikumfaa sana. Ugonjwa wenyewe unaitwa bronkiolitisi obliteransi, na umetokana na ile nimonia aliyougua akiwa mdogo. Mara nyingi kinachouleta ni virusi viitwavyo adenovirusi, ingawa hata surua huweza. Ni watoto wachache sana wanaobaki hivi.

Alipigwa picha za CT, zile za mashine inayoonyesha ndani ya mapafu, akiwa amevuta pumzi, kisha akiwa ameitoa. Daktari alinionyesha hizo za pili: mabaka ya kijivu na meusi yamechanganyika. Palipo peusi ni hewa iliyoingia ikakosa pa kutokea. Hapo nikaelewa kwa nini akipanda ngazi husimama katikati, mabega yamepanda, mdomo wazi, hataki kusemeshwa.

Sasa Mama, lile unalolirudia kila tukizungumza, kwamba ulichelewa kumpeleka hospitali. Nilimuuliza daktari waziwazi. Amesema maambukizi yakiwa makali, makovu haya huwapata hata watoto waliotibiwa mapema. Wewe ndiye uliyekesha naye. Naomba usijilaumu tena.

Makovu hayafutiki, sitakuficha. Lakini kwa wengi hayazidi kuenea, na mtoto hamwambukizi mtu. Kubwa ni kumkinga: chanjo ya mafua kila mwaka, chanjo ya nimokoka (bakteria waletao nimonia), na asikaribie moshi kabisa. Tukija likizo, mtu asivute sigara ndani ya nyumba, hata mtoto akiwa nje. Mwambie Baba Mkubwa mapema, wewe anakusikiliza. Na mtoto asizuiwe kucheza. Akichoka atakaa mwenyewe.

Kuna jambo moja nakuomba ulifanye wiki hii. Daktari anataka kujua alikaa kwenye oksijeni muda gani, na kama aliwekewa mashine ya kupumulia. Karatasi za hospitali ulibaki nazo wewe. Zitafute pamoja na eksirei, upige picha kila ukurasa, hata ule wenye mwandiko usiosomeka, unitumie.

Mwanao akupendaye.